Jua likifika chini linakwenda wapi?



Mwezi wa 10 wa mwaka uliopita, karibu saa sita ya mchana, tulipokea dispanseri kijana mmoja wa kikosi cha kutoboa miamba. Alikuwa na siku 3 tu za kazi katika shimo la wazi. Wenzake walisema kwamba alianza kusema maneno yasiyo na maana, akamwita kapita kwa jina la kaka yake, kisha akaanguka. Tulipopima joto la mwili wake tulikuta digrii 41.

Jioni mke wake alifika na mtoto mgongoni. Aliniuliza: «Munganga, bwana wangu alizaliwa Kasenga. Amelima chini ya jua tangu utoto wake. Namna gani jua lile lile limwangushe leo?»

Siku ile nilikuwa na kazi nyingi, nikamjibu kwa kifupi tu: «Ni joto, Mama.» Jibu hilo halikutosha. Jua halikumpiga mtu yule kama vile mtu anavyopiga mwenzake kwa fimbo. Kuna mambo mengi kati ya jua na mwili wake, na ukiyajua unaweza kuzuia hatari. Basi leo tutaufuata mwanga wa jua tangu unapofika juu ya dunia yetu mpaka unapoingia katika udongo, katika maji na katika ngozi yako.

SAFARI YA DAKIKA 8

Jua liko mbali nasi, karibu kilometa milioni 150. Mwanga wake hufanya safari hiyo kwa dakika 8 na kidogo. Haupotezi nguvu njiani kwa kugongana na kitu, kwa sababu huko juu hakuna hewa wala vumbi. Taabu yake inaanza hapa kwetu, unapokutana na hewa.

Tuseme unafika ukiwa sehemu 100. Mawingu, hewa na vumbi hurudisha sehemu 23 hivi juu zilikotoka. Udongo, mchanga, maji na barafu za dunia hurudisha 7 nyingine. Hewa yenyewe hukamata karibu 23. Zinabaki sehemu 47 hivi, na hizo ndizo zinazoingia katika ardhi na bahari na kuzipasha moto. Hesabu hii ni ya dunia nzima, mchana na usiku, nchi za baridi na nchi za joto, zote pamoja. Kwetu hapa, katika siku isiyo na mawingu, jua likiwa juu ya kichwa, kila meta moja ya mraba ya udongo inapokea karibu wati 1,000. Hiyo ni nguvu ya resho moja ya umeme. Tembea katika uwanja wa shimo la wazi saa sita, uhesabu meta zile, utajua umezungukwa na resho ngapi zinazowaka.

Na jua linakuja juu ya kichwa kweli. Watu wengi wanafikiri kwamba saa sita ya mchana jua huwa juu ya kichwa kila siku. Sivyo. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ziko kusini ya ikweta, na jua linapita juu yetu moja kwa moja mara mbili tu kwa mwaka: katika siku 10 za mwisho za mwezi wa 10, na tena karibu tarehe 20 ya mwezi wa 2. Ukisimama wima saa sita siku hizo, kivuli chako kinajificha chini ya viatu vyako. Mwezi wa 2 mawingu ya mvua yanatusaidia. Mwezi wa 10 mara nyingi mvua bado haijakamata vizuri, na mbingu iko wazi. Ndiyo maana kila mwaka dispanseri inajaa wakati huo.

MWANGA SI KITU KIMOJA

Wengi mmeona upinde wa mvua. Rangi zile zote zimo ndani ya mwanga mweupe wa jua, na matone ya mvua yanazitenganisha tu. Lakini kuna nyingine ambazo macho hayazioni. Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel alipitisha mwanga wa jua katika kipande cha kioo, rangi zikajipanga juu ya meza, akaweka vipimo vya joto katika kila rangi. Aliweka pia kipimo kimoja pembeni, kupita rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Kipimo hicho ndicho kilichopanda zaidi. Alikuwa amekuta miali ya joto. Mwaka uliofuata, huko Ujerumani, Johann Wilhelm Ritter alitafuta upande wa pili, kupita rangi ya zambarau, akakuta miali mingine isiyoonekana, yenye kuchafua dawa ya fedha upesi kuliko mwanga wowote. Hii tunaiita miali ya urujuani.

Kumbuka aina hizi tatu: mwanga unaoonekana, miali ya joto, na miali ya urujuani. Kila moja ina kazi yake mwilini.

Mwanga unaoonekana ndio unaotupa rangi za vitu. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu chuma kilichomo ndani yake kinameza rangi ya buluu na kurudisha nyekundu. Malakiti, jiwe la kijani mnalolijua wote, ina shaba ndani yake, na shaba ile inameza nyekundu na kuturudishia kijani. Kwa hiyo wazee waliotafuta shaba kwa macho zamani, kabla ya mashine, walikuwa wanasoma kile ambacho jiwe limekataa kukimeza.

Chochote kinachomeza mwanga kinapata joto. Hakuna kinachomeza bure. Bati jipya linarudisha mwanga mwingi. Bati lenye kutu linaumeza, na nyumba inakuwa tanuru. Chuma cheusi cha mashine kilichokaa juani tangu asubuhi kinaweza kupita digrii 60, na mkono mtupu unaoshika chuma cha namna hiyo unaungua katika muda mfupi sana. Tunatibu mikono ya namna hii kila mwaka. Glavu hazikuwekwa kwa ajili ya siku ya ukaguzi tu.

JOTO LINATOKAJE?

Udongo uliomeza sehemu 47 hauwezi kuzilimbikiza siku zote, la sivyo tungekuwa tumeungua zamani. Lazima uzitoe. Karibu nusu yake inatoka kwa njia ya maji: jua linageuza maji ya mito, ya bahari, ya majani na ya udongo kuwa mvuke, na mvuke huo unapanda na joto lake. Baadaye unakuwa wingu, unakuwa mvua, unashuka katika Lualaba na Lufira. Maji yale ndiyo yanayozungusha mashine za umeme za Nzilo, Nseke na Mwadingusha. Kwa hiyo ukiwasha taa nyumbani au ukiona tanuru ya umeme inafanya kazi, ni jua lililopanda kama mvuke na kurudi kama mto. Makala ya mbabula nayo ni hivyo hivyo: ni jua ambalo miti ya pori ilikamata kwa miaka mingi, na Mama analitoa kwa saa moja akipika bukari.

Joto linalobaki linatoka kwa hewa moto inayopanda, na kwa miali ya joto ambayo ardhi yenyewe inatuma juu, mchana na usiku. Hapa kuna jambo la kuangalia. Mwanga wa jua unapita katika hewa bila shida kubwa, lakini miali ya joto inayotoka chini inakamatwa na mvuke wa maji na hewa ya kaboni, na sehemu moja inarudishwa kwetu. Ni kama blanketi. Bila blanketi hilo dunia ingekuwa, kwa wastani, digrii 18 chini ya sifuri. Pamoja nalo ni karibu 15 juu ya sifuri. Mnajua wenyewe namna linavyofanya kazi: mwezi wa 6 na wa 7 hewa yetu ni kavu, hakuna mawingu, na usiku joto lote linakimbia juu. Asubuhi watu wa posita ya kwanza wanakuja na makoti mawili. Wakati wa mvua mbingu imefunikwa, na usiku unabaki wa vuguvugu. (Makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa duniani yamezidisha hewa ya kaboni katika blanketi hilo, toka sehemu 280 hivi katika milioni moja kabla ya viwanda, mpaka kupita 420 leo. Hilo ni jambo refu, tutaliandikia siku nyingine.)

Sasa rudi katika shimo la wazi mwezi wa 10. Hakuna mti. Udongo ni mkavu tangu mwezi wa 5, hauna maji ya kugeuza mvuke, na njia ile kubwa ya kutoa joto imefungwa. Basi jua lote linaloingia linapasha mwamba na hewa. Kuta za shimo zinarudishiana mwanga na joto, na zinazuia upepo. Mfanyakazi aliye chini anapata jua kutoka juu, joto kutoka ukutani, joto kutoka chini ya viatu, na joto la mashine. Tena ana joto lake mwenyewe, maana misuli inayofanya kazi ni moto unaowaka.

Mwili unatoa joto hilo kwa njia ile ile ya ardhi: kwa maji. Litre moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi inachukua joto ambalo lingetosha kuchemsha litre 7 za maji yaliyokuwa digrii 20. Mtu wa kazi ngumu juani anaweza kutoa litre moja kwa saa. Lakini ni lazima jasho likauke. Jasho linaloanguka chini kwa matone halikupozi. Siku za mwanzo wa mvua, hewa ikijaa mvuke, jasho linatiririka bila kukauka, na hapo joto la digrii 32 linakuwa baya kuliko 35 ya hewa kavu. Na asiyekunywa maji hana cha kutoa.

Hapa ndipo tunapata jibu la yule Mama. Mwili unajifunza joto. Mtu aliyezoea anaanza kutoa jasho mapema, anatoa jingi, tena lenye chumvi kidogo, na moyo wake hauendi mbio. Mafunzo hayo yanachukua wiki moja mpaka mbili. Ukiacha kazi ya juani kwa wiki kadhaa, yanapotea. Bwana wake alilima Kasenga, ni kweli, lakini tangu miezi 7 alikuwa mjini, amekaa ndani, akingoja kazi. Alikuja shimoni na mwili wa mtu mgeni. Waganga wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini waliyajua mambo haya tangu miaka ya 1930, na walikuwa wakiwazoesha watu wapya polepole kabla ya kuwashusha mahali pa joto. Kanuni inayotumiwa leo ni hii: mtu mpya afanye kazi ya joto kwa sehemu 20 kwa 100 tu ya siku yake ya kwanza, na aongezewe 20 kila siku. Kapita unayesoma, jambo hili liko mikononi mwako kuliko mikononi mwangu.

Kunywa kikombe kimoja cha maji kila dakika 15 au 20, kabla ya kiu. Vidonge vya chumvi si vya lazima kwa mtu anayekula bukari na sombe yenye chumvi kila siku. Lutuku na bia ya jana usiku zinakausha mwili. Anayekuja kazini nazo amekwisha kupoteza maji kabla jua halijapanda.

Mwenzako akianza kusema ovyo, au kuyumba, au kuanguka, ngozi yake ikiwa moto, usingoje. Haidhuru kama ngozi ni kavu au imelowa jasho. Mpoze kwanza, safari baadaye. Mtoe juani, mvue, mmwagie maji mengi mwili mzima, mpepee kwa nguvu, na mtu mwingine aite gari la wagonjwa. Usimnyweshe maji kama hajitambui. Wenzake wa kijana yule walimpenda, lakini walimpakia katika gari lililokuwa limeegeshwa juani, wakafunga vioo kwa sababu ya vumbi. Mwanga unapita katika kioo, viti vinaumeza na kupata joto, hewa moto haina pa kutokea. Walimpeleka ndani ya tanuru kwa dakika 20. Ni kwa sababu hiyo hiyo mtoto haachwi kamwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache za kuingia kantini.

MIALI YA URUJUANI

Miali hii ni mitatu kwa nguvu. Ile mikali zaidi haifiki chini hata kidogo: inakamatwa na oksijeni na ozoni huko juu. Ya katikati inakamatwa sehemu kubwa, kidogo inapita. Ile dhaifu inapita karibu yote. Kwa kila meta 1,000 unazopanda, miali hii inaongezeka karibu sehemu 10 kwa 100, na sisi tuko juu: Lubumbashi ni meta 1,200 hivi, Kolwezi karibu 1,400. Wingu jembamba haliizuii.

Fundi anayeunga chuma kwa moto wa umeme asome hapa mara mbili. Moto ule unatoa miali yote mitatu, pamoja na ile mikali, na kati ya jicho lako na chuma hakuna ozoni ya kukulinda. Kuna kioo cha kinyago chako tu. Anayesimama pembeni «kutazama kidogo» ataamka usiku akidhani amewekewa mchanga machoni.

Ngozi nyeusi ina rangi yake ya kuzuia miali hii. Ndugu zetu wenye ualbino hawana rangi hiyo, na kwao jua la kila siku linaleta vidonda, na vidonda vingine vinageuka kansa wakiwa bado vijana. Mama mwenye mtoto wa namna hii: mikono mirefu, kofia yenye ukingo pande zote, michezo ya asubuhi na jioni, na umwombe mwalimu amweke mbele karibu na ubao, mbali na dirisha lenye mwanga. Kidonda kisichopona katika wiki 4 tuletee. Mtoto huyu hana laana na hana uchawi. Ana ngozi isiyo na kivuli chake.

Lakini miali hii ya katikati ina kazi nzuri pia: inatengeneza vitamini D katika ngozi, na bila vitamini hiyo mifupa inalegea. Mwaka 1919, huko Berlin, mganga Kurt Huldschinsky aliwaponya watoto wenye miguu iliyopinda kwa taa ya urujuani. Kioo cha dirisha kinaizuia miali hii, basi kukaa nyuma ya dirisha hakusaidii. Wewe unayefanya kazi chini ya udongo, unayeshuka alfajiri na kupanda jua likielekea kuzama, siku yako ya mapumziko usiimalize yote ndani ya nyumba. Ngozi yetu nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Kula pia samaki, mayai na maini.

Jua linaua vijidudu vilevile. Robert Koch alionyesha mwaka 1890 kwamba linaua kijidudu cha kifua kikuu. Anika blanketi na godoro, fungua madirisha. Hata maji: chupa ya plastiki nyeupe isiyozidi litre 2, maji yasiyo na matope, ulaze juu ya bati kwa saa 6 za jua kali, au siku 2 kama kuna mawingu. Vijidudu vingi vya kuhara vinakufa. Lakini sikia vizuri, Mama: jua haliondoi shaba, kobalti wala asidi. Maji ya mto unaopokea maji ya kiwanda hayatengenezwi na jua, hata ukiyaanika wiki nzima.

Neno moja kwa waliojifungua karibuni. Mwaka 1956, katika hospitali moja ya Uingereza, muuguzi aliona kwamba watoto wachanga wenye macho ya manjano waliotolewa juani walipungua ile manjano. Kutoka hapo zilitengenezwa taa za buluu za hospitali. Mtoto wako akiwa wa manjano usimlaze juani kumtibu. Ngozi yake inaungua upesi, na manjano ikizidi inaharibu ubongo. Mlete siku ile ile.

Kijana wa kikosi cha kutoboa alilala hospitali siku 9. Alirudi shimoni mwezi wa 11, na kapita wake alimwanzisha kwa saa moja na nusu, kisha saa 3 siku ya pili. Mke wake alipita dispanseri kuniambia kwamba sasa anakwenda kazini na bido mbili za maji, na wenzake wanamcheka, lakini wanamwomba ya pili.